Nick Buoniconti, Mlinzi wa Miami, na Mwanawe Marc

Mwezi wa Agosti mwaka 2001 watu wengi walikusanyika katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, huko Marekani. Mji wenyewe si mkubwa, lakini humo imo nyumba ya ukumbusho wa wachezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani. Kila mwaka huchaguliwa wachache tu wa kuingizwa humo, na desturi yao ni kwamba kila mmoja huja na mtu wa kumtambulisha mbele ya mkutano. Siku hiyo Nick Buoniconti, mwenye umri wa miaka 60, alitambulishwa na mwanawe, Marc.

Marc hakupanda jukwaani kwa miguu yake. Alikuwa amekaa katika kiti cha magurudumu, kwa kuwa tangu mwaka 1985 alikuwa amepooza toka mabegani kwenda chini. Baba mtu alipopewa nafasi ya kusema, aliwaambia watu kuwa yu tayari kuitoa pete aliyopewa, na sifa zake zote alizozipata uwanjani, kama ingewezekana tu mwanawe asimame, atembee, naye atembee kando yake.

Ndugu msomaji, pengine utauliza, habari za mchezo usiochezwa kwetu zatuhusu nini? Nami nilijiuliza hivyo hivyo nilipoanza kusoma habari za mtu huyu. Lakini kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyozidi kuwafikiria vijana wetu wanaocheza hapa uwanja wa parokia kila Jumamosi. Nivumilie kidogo, nikueleze kwanza mchezo wenyewe.

Mpira wa Kimarekani si huu wetu wa miguu. Mpira wao umechongoka pande mbili, mfano wa papai dogo, na wachezaji huubeba mikononi au huurusha. Kila upande una watu kumi na mmoja. Uwanja una urefu wa yadi 100 toka mstari wa goli hata mstari wa goli. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi kumi. Wakifaulu, hupewa nne nyingine. Wasipofaulu, mpira huenda kwa wenzao. Na njia ya kumzuia mwenye mpira ni kumkamata na kumwangusha chini. Hapa kwetu refa angetoa kadi nyekundu. Kule, mtu akimpiga mwenzake mweleka wa kishindo, watu husimama wakashangilia.

Kwa hiyo wachezaji huvaa kofia ngumu, na mabegani huweka kinga nene. Ukiwaona kwa mara ya kwanza wadhani wanakwenda vitani. Tena kofia hiyo imewadanganya wengi. Yazuia fuvu lisivunjike, ndiyo, lakini haizuii ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Chukua yai, ulitie katika mkebe wa bati, uutikise sana. Mkebe utabaki mzima. Je, yai?

Katika timu inayozuia, mbele kabisa husimama watu wazito ambao hugongana vifua na wenzao. Nyuma yao husimama wengine watatu au wanne. Hao Wamarekani huwaita lainibeka. Kazi ya lainibeka ni kutazama, kukisia, na kukimbilia mahali mpira unapokwenda. Mpira ukibebwa katikati, ni juu yake kumwangusha aliyeubeba. Ukirushwa, ni juu yake kurudi nyuma aukinge au audake. Na lainibeka wa katikati ndiye kama nyapara wa walinzi wote: yeye hupiga kelele kuwapanga wenzake kabla mpira haujaanza. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Nick Buoniconti kwa miaka kumi na minne.

Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, katika mtaa wa Wamarekani wenye asili ya Italia. Jamaa zake walikuwa waoka mikate. Alisoma shule ya Kikatoliki ya mji huo, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana, kilichoanzishwa na Mapadre wa Msalaba Mtakatifu. Ndio mapadre wa shirika lile lile waliofika Fort Portal, Uganda, mwaka 1958. Mwaka 1961 Buoniconti alikuwa mmoja wa manahodha wa timu ya chuo.

Alipomaliza masomo alitaka kuucheza mpira kwa mshahara, lakini wakubwa wa timu walimwona mfupi. Kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 11, na uzito kama kilo 100. Kwetu huyo ni pande la mtu. Kwao, kwa nafasi ile, walimwona mdogo. Kila mwaka timu huchagua vijana kwa zamu, na waliokuwa hodari huchukuliwa zamu ya kwanza au ya pili. Buoniconti alingoja hata zamu ya kumi na tatu, ndipo alipochukuliwa na timu ya Boston Patriots mwaka 1962. Timu hiyo ilikuwa ya ligi changa iliyoanza kucheza mwaka 1960 kushindana na ile ya zamani, nayo haikuwa na fedha nyingi.

Basi akaonyesha kwamba kimo si kitu. Alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa akili. Alimtazama adui jinsi alivyosimama, akajua mpira unakwenda wapi kabla ya kuanza. Katika maisha yake yote ya uwanjani alidaka pasi za adui mara 32, na hiyo si hesabu ndogo kwa mtu wa nafasi yake. Nilichopenda zaidi ni hiki: alipokuwa akicheza Boston, usiku alikwenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Suffolk, na mwaka 1968 akapata shahada. Mchana mweleka, usiku vitabu. Wako vijana kwetu wasemao kuwa mpira na shule havipatani.

Mwaka 1969 Boston wakamtoa kwa timu ya Miami Dolphins, huko kusini katika jimbo la Florida. Timu ilikuwa dhaifu mno wakati huo. Mwaka uliofuata akaja mwalimu mpya, Don Shula, Mkatoliki aliyejulikana kwa kwenda Misa kila siku, na mkali sana katika mazoezi. Ikaanza kushinda. Januari 1972 walifika fainali, ile waiitayo Super Bowl, wakapigwa na Dallas 24 kwa 3. Kabla ya mchezo mwalimu wa Dallas, Tom Landry, alipoulizwa habari za walinzi wa Miami, alisema hakumbuki majina yao. Toka hapo watu wakawaita “walinzi wasio na majina”. Wenyewe hawakukasirika. Wakalivaa jina hilo kama nishani.

Mwaka 1972 ndio mwaka wao. Walishinda michezo yote 14 ya ligi. Katika mchezo wa tano mrusha mpira wao, Bob Griese, alivunjika mguu, akaingia mzee Earl Morrall, mwenye miaka 38, ambaye wengi walidhani amekwisha. Naye akawaongoza, wakazidi kushinda. Tarehe 14 Januari 1973 wakakutana na Washington katika fainali mjini Los Angeles, mbele ya watu zaidi ya 90,000.

Katika kipindi cha kwanza mrusha mpira wa Washington, Billy Kilmer, alirusha pasi fupi. Buoniconti alikwisha kuisoma. Akaidaka, akakimbia nayo yadi 32, na baada ya muda kidogo wenzake wakafunga bao la pili. Mchezo ulielekea kwisha 14 kwa 0, ndipo mpigaji wa Miami, Garo Yepremian, mtu wa Kupro ambaye hakukulia katika mchezo huu, alipopiga mpira ukazuiwa, ukamrudia. Badala ya kuulalia, akajaribu kuurusha! Ukamponyoka mikononi, adui akaudaka hewani, akaenda kufunga. Wenzake nusura wamtafune. Lakini walishinda 14 kwa 7. Jumla yake michezo 17, yote ya kushinda. Tangu siku ile hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyomaliza mwaka mzima hadi fainali bila kushindwa hata mara moja. Mwaka uliofuata wakachukua ushindi tena kwa kuwafunga Minnesota 24 kwa 7.

Buoniconti alikosa mwaka mzima wa 1975 kwa jeraha, akarudi mwaka 1976, kisha akaacha. Akafanya kazi ya uwakili, akawa mtangazaji wa michezo katika televisheni kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika miaka ya 1980 alikuwa pia mkubwa wa kampuni ya tumbaku, ile ya kuweka mdomoni, naye akaitetea hadharani wakati madaktari walipokuwa wakisema ina madhara. Nalitaja hili kwa sababu sipendi habari za watu mashuhuri zinazoandikwa kana kwamba hawakukosea kamwe.

Sasa tufike kwa Marc.

Marc, mtoto wake wa kiume, alifuata nyayo za baba. Alisoma katika chuo cha kijeshi kiitwacho The Citadel, katika Carolina ya Kusini, akicheza nafasi ile ile ya lainibeka. Tarehe 26 Oktoba 1985, akiwa na miaka 19, timu yao ilicheza na chuo cha East Tennessee State. Marc alimrukia mwenye mpira ili amwangushe, na shingo yake ikapata kishindo chote. Pingili za shingo zikateguka, uti wa mgongo ukaumia. Hakuweza kunyanyua mkono wala mguu. Hata pumzi ilibidi asaidiwe na mashine.

Wewe uliye mzazi, fikiri habari hiyo inapokufikia. Tena fikiri wewe ndiwe mtu ambaye watoto wa nchi nzima walitamani kumwiga, na mwanao alikuiga.

Wakati ule madaktari hawakuwa na la kufanya kwa mtu wa namna hiyo ila kumtunza asife. Buoniconti alimwahidi mwanawe kwamba atafanya kila awezalo ili apate kutembea tena. Mwaka ule ule wa 1985, pamoja na daktari mpasuaji Barth Green wa Chuo Kikuu cha Miami, wakaanzisha shirika la kutafuta dawa ya kupooza, liitwalo Miami Project. Akaenda kwa matajiri, akaenda kwa wachezaji wenzake, akaandaa karamu za kuchangisha mwaka kwa mwaka. Zimekusanywa mamia ya mamilioni ya dola. Marc mwenyewe, alipopata nguvu ya kusema na kupumua bila mashine, akawa kiongozi wa shirika hilo.

Je, dawa imepatikana? La, bado. Ahadi aliyopewa Marc haikutimia. Lakini si kwamba hawakupata kitu. Mwaka 2012 serikali ya Marekani iliwaruhusu kujaribu jambo hili: kuchukua chembe hai katika neva ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, kuzikuza ziwe nyingi, kisha kuzitia mahali uti wa mgongo ulipoumia. Walitaka kwanza kujua kama jambo hilo ni salama. Walifanya utafiti pia juu ya kuupoza mwili wa majeruhi mapema, ili uti usizidi kuvimba. Mwaka 2007 mchezaji mmoja wa Buffalo, Kevin Everett, aliumia shingo uwanjani, akapozwa mwili kwa njia hiyo, na baada ya miezi michache akatembea. Madaktari wengine wanabisha kama kupona kwake kulitokana na baridi ile au la. Wacha wabishane, ndiyo kazi yao.

Ingekuwa habari imekwisha hapo, tungesema baba huyu alipigwa pigo moja kubwa, akalikabili kiume. Lakini kulikuwa na pigo jingine, tena lilikuwa limeanza zamani, pole pole, bila yeye kulijua.

Mwaka 2002 katika mji wa Pittsburgh alikufa mchezaji wa zamani, Mike Webster, mwenye miaka 50. Alikuwa shujaa wa mji ule, lakini mwisho wake alipotewa na akili hata mara nyingine akalala garini. Maiti yake ilichunguzwa na daktari kijana Mwafrika, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nijeria, Mkatoliki mwenzetu. Omalu aliuangalia ubongo, kwa macho ukaonekana mzima. Hakuridhika. Akaukata vipande vyembamba, akavitazama kwa hadubini, akaona alama za maradhi ambayo hakuna aliyewahi kuyaonyesha katika mchezaji wa mpira huo. Mwaka 2005 akayaandika. Madaktari wa ligi wakamjia juu, wakataka maandiko yake yafutwe. Hakuyafuta. Maradhi hayo huitwa kwa kifupi CTE, nayo hutokana na kichwa kugongwa mara nyingi, hata zile mara ambazo mtu haanguki wala hazimii. Hula ubongo taratibu. Mgonjwa husahau, hukasirika bila sababu, hushindwa kujizuia. Na hata leo hayathibitiki kwa hakika ila mtu akiisha kufa.

Mwaka 2012 Junior Seau, lainibeka aliyecheza miaka ishirini na kupendwa na watu wengi, alijiua akiwa na miaka 43. Ubongo wake ulipochunguzwa, ukakutwa na CTE. Mwaka 2017 madaktari wa Boston walitoa habari za bongo 111 za wachezaji wa zamani wa ligi kuu: 110 zilikuwa na maradhi hayo. Ni lazima tuseme kweli, bongo hizo zilitolewa zaidi na jamaa waliokwisha kuona dalili, kwa hiyo haimaanishi kila mchezaji anayo. Lakini 110 katika 111! Hata Earl Morrall, yule mzee wa mwaka 1972, alikuwa nayo.

Buoniconti alianza kucheza mchezo huu wa mieleka akiwa na miaka tisa. Alipopita miaka sabini alianza kuanguka-anguka. Mkono wa kushoto ukakataa kutii. Mtu yule aliyewapanga walinzi kumi na mmoja kwa sekunde chache, akashindwa kujivika fulana. Mwaka 2017 alijitokeza mbele ya watu, akasema kuwa akifa ubongo wake upewe madaktari wa Boston. Alikisia kwamba kichwa chake kilikuwa kimegongwa zaidi ya mara laki tano. Mwaka 2018, yeye na malainibeka wengine wawili wa zamani, Harry Carson na Phil Villapiano, waliwasihi wazazi wasiwaruhusu watoto kucheza mpira huo wa kuangushana kabla ya miaka 14. Wacheze ule wa kunyang’anyana vitambaa kiunoni. Alikufa tarehe 30 Julai 2019, mwenye miaka 78. Ubongo ukachunguzwa, wakaikuta CTE.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuwa golikipa. Siku moja nilijigonga kichwa katika mwamba wa goli, nikainuka, nikaendelea kudaka hadi mwisho. Wenzangu wakanibeba juu kwa furaha. Ajabu yake, mchezo ule sikumbuki hata kidogo, matokeo nilisimuliwa. Usiku nilitapika mara mbili, nikasingizia maharagwe ya bweni. Hakuna aliyenipeleka zahanati, wala mimi sikuomba. Tulidhani ndio uanaume.

Sasa najua kuwa mtoto aliyegongwa kichwa akawa kama amelewa, au akasahau yaliyotokea, au akalalamika kichwa chauma na macho hayaoni vizuri, hatakiwi kurudi uwanjani siku ile, hata akilia. Apumzike, awepo mtu wa kumwangalia. Na akitapika tena na tena, au akilala usingizi usioamshika, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, au akapata degedege, hapo hakuna cha kungoja asubuhi. Atafutiwe baiskeli, pikipiki, chochote, afike hospitali. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona la kwanza laweza kuua.

Jumamosi iliyopita vijana wa parokia walicheza na wa kigango cha ng’ambo ya mto. Wawili waligongana vichwa wakiruka mpira wa juu. Mmoja akainuka akicheka. Mwingine, mtoto wa darasa la sita, akasimama akaanza kukimbilia goli letu sisi wenyewe. Watu wakaangua kicheko. Nilimwita, nikamwuliza magoli ni mangapi. Akasema bado hatujaanza. Nikamketisha chini ya mwembe, naye akawa analia kwa hasira, maana tulikuwa tumefungwa moja na yeye ndiye mfungaji wetu. Wakubwa kadhaa walinijia wakaniuliza, karani, huyo mtoto unamzuilia nini, mbona ni mzima? Tulifungwa mawili. Nilikaa naye pale pale mpaka mama yake alipokuja kumchukua.